Kijana alitoka Kasapa, sasa eko anachomelea ba antivoli kwangu: bakliya baambiwe ao tunyamaze?

Sudere wa Katuba

Jambo bandugu bote humu. Nafungua huu uzi juu nimechoka kuzungusha hii maneno mu kichwa, ku nyumba kila mutu anasema yake, ku ateliye yake, ku parwasi yake.

Niko na ateliye ya kuchomelea huku Katuba, tunatengenezaka portaye (geti), antivoli ya madirisha (vyuma vya kuzuia bezi), ba meza ya masomo, siku ingine ata pusupusu. Bijana beko bane. Wa ine alitoka Kasapa, gereza ya hapa Lubumbashi.

Nilimukamata juu shangazi yake alikuya kunilomba. Huyo mama hakunizungukia. Alisema "mutoto wangu aliingia mu nyumba ya batu usiku na benzake wawili, bakabeba televizyo, bateri ya solere na franga, juje akamupa miaka tatu, ameimaliza yote, sasa eko analala mpaka saa ine ya asubui anaangalia bati, baba ukatae ao ukubali lakini uniambie leo, juu benzake banataka kumupeleka Kolwezi ku machimbo." Nilikubali. Masharti yangu: haendi kwa kliya (muteja) kupima dirisha, haendi kuweka, mufunguo ya kontenere inabaki kwangu, na feza ya kliya haipitie mu mukono yake. Akasema sawa patro, akauliza tu aanze saa ngapi.

Mukono wake, niseme ukweli ya Mungu, inapita bale batatu nilifundisha mi mwenyewe. Akimaliza kuchoma anagonga makapi na nyundo ndogo, anapiga brosi, kisha anapitisha kidole pole pole ku mustari yote, kidole ikikwama ata kidogo anarudia bila kuambiwa. Bengine nilibapigia kelele juu ya hiyo tu mpaka koo ikauma. Alianzaka kufunda ku INPP (shule ya ufundi ya serikali) mbele ya hayo mambo yake, hakumaliza.

Sasa iko mama moja wa Bel-Air, alikuwa ametupa komande ya antivoli ya nyumba mujima na akonti (feza ya kuanzia) alishatoa. Alipita kuangalia kama kazi inaenda, akamukuta kijana ameinua maske anapangusa jasho, akamutambua juu balikaaka avenue moja zamani. Akanivuta pembeni ya mutaro: "Baba, wewe unanifungia nyumba na mutu mwenye anajua kuifungua?" Mudomo ikanikauka. Alilomba akonti yake nikamurudishia yote, na ba tibu (mabomba ya chuma) nilikuwa nimeshanunua. Wiki ileile bakliya bengine wawili bakapiga telefone banauliza kama ni kweli naandika bezi mu kazi.

Bijana bangu banasema tufiche, tuseme ni mupwa wangu katoka Likasi. Bibi yangu anasema tuambie kila kliya mbele ya kupokea akonti, mwenye kukubali akubali. Shangazi anasema nikimutangaza nimemuua. Nyie mungefanya nini? Na tafazali musiniandikie "umuombee", kuomba tunaomba.

Mwana Njanja

Patro rudisha huyo mutoto kwa shangazi yake. Huruma ni muzuri lakini feza inayopotea ni yako si ya shangazi. Bijana basio na dosye beko bengi mu Katuba banatafuta kazi, juu ya nini upatie ule aliyeiba uache ule aliyevumilia njala bila kuiba?

Mama wa soko Kenya

Mi nauzaka bitenge soko ya Kenya. Baliniingilia mu nyumba, na si mara moja, kwa hiyo naongea na uchungu munisamehe. Kila siku nasikia nafasi ya pili, nafasi ya pili, ya ule aliyeiba. Na mi niliyeibiwa, yangu ya pili iko wapi? Balikamata moja wao, juje akampa miaka yake na akasema anilipe domaji (malipo ya hasara). Nilienda kuuliza ku ofisi nitalipwa namna gani, baliniambia mama leta kwanza feza ya hii papye (karatasi), kisha feza ya ile papye, nikaona nitaibiwa tena na nikaacha.

Ule kijana alishatoka. Tunakutana naye ku njia ananiamkia "jambo mama". Ananiamkia! Ata siku moja hajasimama akaniambia kintu. Sasa baba, mi sikuulizi juu ya bakliya. Ule mwenye nyumba, wa ile televizyo, munajua kwake? Kijana alishafika kule?

Nilipita Kule

Mi nilikaa Kasapa, sitasema juu ya nini, haitasaidia mutu. Naandika juu batu banaongea juu ya kutoka kama vile ni sikukuu.

Bananifungulia asubui niko na sashe moja na biye (karatasi) ya kutoka mu mufuko ya shati. Hakuna anayekungojea juu hakuna aliyejua siku. Kufika mu mji ni mguu, ao unalomba mutu wa pikipiki akubebe deni, na akiona unatokea upande gani anaongeza mwendo. Namba za batu zote zilikuwa mu telefone na ile telefone haikurudi. Ku nyumba siku ya kwanza balinipokea muzuri, bukari na kuku, mama alilia. Kisha nikajua kitanda yangu iko na mudogo wangu na bibi yake. Kisha nikaona mama, mbele ya kwenda soko, anafunga chumba yake na kubeba mufunguo. Zamani haikufungwaka. Hakusema kitu, mi pia sikusema.

Na munajua nani alinitafuta wa kwanza? Si pasteri, si bamuyomba. Ni bale bale. Banakuya na Simba baridi, banakupa telefone ya bure, banakukumbusha tulikuwa tunakutumia chakula. Na ni kweli balikuwa banatuma! Mule ukikosa mutu wa inje unabaki na vungule, mahindi na maharagi, kila siku. Ile nyumba ilijengewa batu kama 800 na wakati wote nilikuwa ndani tulipita mara mbili ya hiyo, kapita (mufungwa anayesimamia bengine) anakuuzia ata pahali pa kulala. Jamaa yako iliogopa kufika, bo hawakuogopa. Sasa banakulomba kitu kidogo tu, ukae ku kona upige firimbi gari ya polisi ikitokea. Utakataa na nini? Feza ya kukataa unaitoa wapi?

Ku kanisa balinipandisha mbele nitoe ushuhuda. Makofi. Yenga ya nyuma tena, kisha ku kanisa ya rafiki ya pasteri tena, mpaka nikaona sasa kazi yangu ni kuwa mwizi wa zamani. Mama moja alinikumbatia mbele ya batu bote, wakati wa kutoka nikapita pembeni yake akahamisha sakoshi mukono ingine. Sikurudi.

Kwa patro. Umulipe ku wiki, usingojee mwisho wa mwezi, mwezi ni murefu sana kwa mutu aliyetoka na madeni ya sabuni na ku nyumba banamuhesabia bukari. Umulipe sawa na mwenzake wa kazi moja, ukimupa nusu juu "namusaidia" ye atajua na bale bengine batajua. Na siku kitu ikipotea mu ateliye, na itapotea, bageti (bijiti bya kuchomelea) zinapoteaka tu, hesabu kwanza, tafuta kwanza, usigeuze macho kwake mbele ya kila mutu. Hiyo macho tunaijua.

Na yaya wa Njanja, ule aliyevumilia njala apewe kazi pia, nani alikatala? Lakini huyu ukimuzibia pande zote atabaki na kazi moja anayoijua, na ataifanya mu Njanja, si Bruxelles.

Avoka kijana

Bandugu mi niko avoka stajiere (mwanasheria anayejifunza kazi) hapa L'shi (Lubumbashi). Kidogo juu ya mapapye maana naona inachanganywa.

Patro, lomba kijana akuonyeshe kopi ya hukumu, si juu ya kumushuku, ni juu ya kujua kama kweli imeisha. Hukumu zetu zinaandikwaka hivi: SPP ni ile miaka yenyewe ya kifungo. Chini yake kuko amande (faini), na SPS ni siku za kukaa ndani kama hukulipa amande. Chini tena kuko fre (gharama) za tribunali na kontrente, nayo ni siku za kukaa kama hukulipa fre ao domaji ya aliyeibiwa. Batu banamalizaka SPP banarudi ku nyumba na furaha, ile mistari ya chini inabaki inalala mu dosye, siku umekosana na mutu wa kiwanja anaenda kuiamusha.

Kama angetoka mbele ya kumaliza ingekuwa hesabu ingine. Kodi penali yetu, ya tarehe 30 mwezi wa kwanza 1940, inaruhusu mufungwa atoke na masharti akishafanya robo ya azabu, ikiwa alipitisha miezi 3 ndani, na anayesinya ni waziri wa Sheria. Akivunja masharti anarudishwa. Grasi (musamaha) ya rais, zile zinatokeaka karibu na 30 juni ao bonane, inapunguza ao inafuta azabu tu, hukumu inabaki mu kasiye (daftari ya serikali ya batu baliohukumiwa). Amnistia njo inafuta kosa yenyewe. Batu banasema "alipata grasi, eko safi". Apana.

Juu ya kasiye sasa. Bakampuni ya madini na basutretansi (bakontrakta) bao banalomba ekstre (nakala) ya kasiye mbele ya kukuandika, kwa hiyo kule kijana mwenye hukumu anagonga mulango bure. Ku machimbo ya bakreseri (bachimbaji badogo) hakuna anayelomba karatasi, njo maana benzake balitaka kumubeba Kolwezi. Kati ya hizo mbili kinabaki nini? Pikipiki ya mutu, na ateliye kama yako. Patro wewe njo kasiye yake ya leo, batu batasoma kwako.

Kuambia bakliya: sheria haikulazimishi. Lakini muangalie kifungu cha 74 cha ile kodi, mutu anayemutajia mwenzake mbele ya batu, kwa nia mbaya, jambo la kumuvunjia heshima, ni siku 8 mpaka mwaka 1. Mama wa Bel-Air alikuambia pembeni, ni haki yake kabisa, ni nyumba yake. Mwenye atasimama mu soko kupiga kelele, huyo anajitafutia dosye.

Na umufanyie kontra. Kodi ya kazi ya 2002 inasema esai (wakati wa kujaribiwa) isipite mwezi 1 kwa manevre (kibarua) asiye na ufundi, miezi 6 kwa bengine. Usimuache mu esai mpaka Yesu arudi juu tu katoka Kasapa. Mwenye hana feza ya avoka aende ku barro (chama ya ba avoka), kuko biro ya konsiltasyo (ushauri) ya bure, imeandikwa mu sheria ya ba avoka tangu 1979, si sadaka ya mutu.

Bukavu Nyawera

Salamu kutoka Bukavu. Nyie wa L'shi muko na bahati, mutu akisema amemaliza munaweza kumuamini. Kwetu huku mwezi wa kwanza 2025 gereza ya Munzenze ya Goma ilifunguka, batu kwa maelfu bakatoka, bamama bengi bakaungulia mule ndani, na mwezi wa pili gereza ya Bukavu nayo ikabaki mulango wazi. Sasa muyomba wangu alimaliza miaka yake halali mbele ya hiyo yote, lakini kila mutu anamuhesabia ni mukimbiaji. Biye yake ya kutoka anaitembeza mu plastiki, imepasuka ku mikunjo, fotokopi iko kwa mama yake na ingine kwa shefu ya kartye. Mwambieni huyo kijana asipoteze yake.

Mwana Njanja

Bahati gani mukubwa, 2011 batu zaidi ya 900 balikimbia Kasapa siku moja, Gédéon, ule shefu ya Bamai-mai, ndani, wewe ulikuwa wapi? Sisi tulilala na mapanga chini ya kitanda. Kwa hiyo musituone tuko na roho mubaya, tuko na kumbukumbu.

Na hii mambo ya nafasi ya pili ni ya bakubwa. Muone Kamerhe, ule mupolitisye, alipewa miaka 20, kisha akakuwa waziri, kisha presida ya Asamble. Sudere wa Katuba akipewa miaka tatu ata antivoli banamukatalia.

Avoka kijana

Yaya usichanganye. Kamerhe alihukumiwa tarehe 20 mwezi wa 6 mwaka 2020, miaka 20. 2021 apeli (rufaa) ikapunguza ikakuwa 13. Kisha kasasyo (tribunali ya juu) ikavunja hiyo hukumu, na mwezi wa 6 mwaka 2022 kur dapeli (tribunali ya rufaa) ikamuachia huru. Aliyeachiwa huru hatoki na hukumu, uwaziri wa 2023 haukuwa nafasi ya pili mbele ya sheria. Ungeuliza tu ni bangapi mule Kasapa beko na uwezo wa kupandisha dosye mpaka kasasyo, hapo tungeongea.

Na mwangalie kitu ingine. Mu magereza yetu bengi hawajahukumiwa ata mara moja, beko banangoja tu juje abaite. Mutu anakaa mule mwaka, anaachiliwa bila hukumu yoyote, anarudi ku avenue na jina "Kasapa" mpaka anakufa. Hajaiba ata kijiko.

Yaya wa Ruashi

Bote munaongea bijana, bijana. Mwanaume akitoka kuko mama, shangazi, dada, batamupikia. Binamu yangu mwanamuke alitoka akakuta bwana alishaleta mwingine mu nyumba na batoto balifundishwa kusema mama yao alienda Zambia. Alifungwa juu ya feza ya kitemo (kikundi ya kuchanga feza), bamama balimupa ashike kashe (feza ya bote), mutoto akagonjwa, feza ikaenda hospitali haikurudi. Na juu ya ile fujo ya Kasapa ya mwezi wa 9 mwaka 2020, bamama kwa makumi balibakwa mule ndani, basi kila mwanamuke anayetoka kule batu banamuangalia na hiyo, ata kama aliingia nyuma kabisa. Hakuna anayemuuliza kama alionana na munganga. Banauliza kwa kicheko. Niishie hapo nisitukane mutu.

Aliyemusimamisha binamu yangu hamutaamini, ni bamama batatu wa kitemo ileile. Balimupa unga, mafuta na sukari ya kupika mikate, jioni analeta feza banahesabu naye ku meza, asubui banamupa unga tena. Kashe hawakumupa kushika mpaka mwaka ikapita. Nilimuuliza haikuumi kuhesabiwa kila jioni mbele ya batoto ya batu? Akasema bora banihesabie kila jioni kuliko baniangalie tu.

Kwa hiyo patro masharti yako si mubaya. Kinachouaka mutu ni sharti ambayo hakuna aliyemwambia, ile ya mufunguo ya mama ya huyu ndugu juu.

Sudere wa Katuba

Nimesoma yote, asante, kurani ilikuwa imekatika tangu mchana kwa hiyo nilikuwa na wakati hahaha.

Yaya wa Njanja, nikujibu bila kukasirika. Mbele ya huyu nilikuwa na kijana asiye na dosye kabisa, mutoto wa batu bazuri. Aliuza diskezi (mashini ya kukata chuma) yangu Kasumbalesa, ku mupaka. Baba yake alikuya kulia mu nyumba yangu, nikaacha, sikumupeleka polisi. Leo akienda kulomba atestasyo (karatasi ya mwenendo muzuri) ku komini atapewa na kashe (muhuri) juu. Kwa hiyo hiyo neno "safi" mi naitumiaka kidogo kidogo.

Ndugu wa Kasapa, feza natoa kila siku ya posho na anapata sawa na wa tatu. Ya bageti nimeisikia.

Mama wa Kenya, apana, hajafika kule. Kwao kwa mwenye nyumba si mbali, ni avenue ya nyuma ya kwa shangazi. Nitamuuliza kesho.

Mama wa soko Kenya

Asante baba kwa kunijibu bila kunizunguka. Na juu ya bakliya nikuambie yangu: mi ningetaka kuambiwa. Nikikuya kujua nyuma, nitakuchukia wewe kupita ye. Ye alishalipa kwa juje, wewe utakuwa umeniongopea mu macho yangu na akonti yangu mu mufuko yako.

Sudere wa Katuba

Narudi na habari.

Nilimuuliza kijana, hakujibu siku ile. Siku iliyofuata alikuya mapema mbele ya benzake akaniambia "patro, peke yangu siwezi". Tulienda shangazi, ye, mi, na shefu ya avenue. Mwenye nyumba hakutufungulia. Alituma mutoto wake mukubwa asimame ku portaye, na portaye haikufunguliwa yote, tuliongea na kipande. Kijana alisema maneno kidogo tu, sauti haikutoka muzuri, mutoto wa mwenye nyumba akasema rudia sikusikia. Akarudia. Ule akasema baba hataki kumuona, na mama yao tangu ile usiku halali bila taa, kurani ikikatika anaamsha nyumba nzima, mpaka sasa. Hiyo hatukuwa tunaijua, ata kijana hakuwa anaijua, niliona namna alishika chuma ya portaye.

Juu ya feza akasema zitumwe ku M-Pesa kidogo kidogo kila mwezi, na kijana asipite tena mbele ya nyumba yao, azungukie barabara ingine. Ni hivyo. Hakuna aliyelia, hakuna aliyemukumbatia mutu. Tulirudi bila kuongea, ku ateliye akawasha diskezi akakata ba tibu ya kazi ya kesho yake, na sikuwa nimemutuma.

Sasa bakliya. Nimekata hivi, munitukane kama munataka: sitatangaza na sitaongopa. Kliya akiuliza nani anachoma, namuambia. Akiuliza katoka wapi, namuambia Kasapa, na papo hapo namuambia masharti: madirisha napima mi, kuweka naweka mi na wa kwanza wangu, ye hajui nyumba yako iko wapi, resi (risiti) iko na jina yangu, kitu ikitokea unakuya kushika shati yangu. Mupwa wa Likasi hakuna. Asiyeuliza, simuelezi maisha ya bafanyakazi wangu, ata ya bale batatu kuko mambo ningeweza kueleza. Bibi yangu hajakubali, anasema nusu ya ukweli ni ya bapolitisye.

Nilijaribu jana kwa kliya moja wa Kampemba, portaye ya milango miwili. Aliuliza, nikaeleza yote. Alifikiri, akauliza kama basi bei itashuka. Nikamuambia apana, tôle ni ileile. Ameenda kufikiri tena.

Mwana Njanja

Hahaha batu wa L'shi, ata shetani akuchomee portaye utalomba tu akupunguzie. Bon, mi sijabadilisha mawazo, lakini ya diskezi ya Kasumbalesa ilinifunga mudomo kidogo.

Nilipita Kule

Patro moja tu. "Ye hajui nyumba yako iko wapi" itaenda mpaka lini? Umuambie tarehe. Mutu anabeba sharti yoyote kama inaonekana mwisho. Isiyo na mwisho ni perpetite (kifungo ya maisha), na juje hakumupa hiyo.

Sudere wa Katuba

Ni kweli. Mvua ikiisha tutaanza kuenda naye kuweka, kwanza ku masomo na ku makanisa, pahali hakuna televizyo ya kuangalia hahaha, nyuma ku manyumba. Nimemuambia leo mbele ya bale batatu ili nisijitoe. Avoka, kopi ya hukumu alileta, amande iliandikwa na hajui kama shangazi aliilipa ao aliilipia tu grefye (karani wa tribunali) mu mukono. Nitakuandikia pembeni unielekeze.

Mama wa soko Kenya

Mi bado nasema mungeambia kila kliya. Lakini nimesoma ile ya mama wa taa, na mi niko vile, bwana wangu akikohoa usiku naruka. Kama kijana atalipa kweli, muandike karatasi, kila mwezi ngapi, mpaka mwezi gani, bashahidi wawili. Mi hakuna aliyeniandikia njo maana niko hapa naongea ku intaneti.

Sudere wa Katuba

Karatasi iko mama, shefu ya avenue alishatia kashe, kijana na shangazi balishasinya, mi nimesinya kama shahidi. Ya kwanza ilitumwa siku ya posho, mesaje ya M-Pesa nimeichapisha nikaibandika nyuma. Inakosa sinyature ya mwenye nyumba tu, mutoto wake anasema baba eko Kasumbalesa akirudi ataona kama anasinya.